Oda mezani, menyu moja, bafe au kaunta: mgahawa wako uhudumie vipi?

Ukishapata eneo na ukajua utapika nini, kuna swali moja linabaki ambalo watu wengi wanalirukia tu, nalo ni chakula kimfikieje mteja. Akae aletewe menyu achague? Wote waliokaa wale mlo mmoja mliopanga jikoni? Ajipakulie bafe, au aagize kaunta abebe trei yake mwenyewe? Wengi wanaamua kwa macho, yani wameona sehemu inajaa wakaiga, halafu miezi michache mbele jikoni hakukaliki, wahudumu wanaacha kazi kila kukicha, na mteja aliyekula akashiba vizuri kabisa hana cha kumsimulia mwenzake. Mi naona uamuzi huu una uzito kuliko viti na rangi za ukuta, sababu ndo unaopanga mteja atakutana na binadamu mara ngapi na saa ngapi, na kumbukumbu yake inashika hapo hapo.

Aina zote nne zinalipa na zote zinaweza kukuangusha. Kwa hiyo sitakuambia ipi ni bora kuliko zote, nitazipima kwa mambo matano yale yale, we utaangalia mfuko wako, watu ulionao na wateja unaowataka.

Tunapima nini

La kwanza ni jikoni, yani jiko litafanya kazi ya namna gani na saa ngapi. La pili watu, wangapi na wenye ujuzi gani, maana kuna huduma inataka mtu aliyefunzwa hasa na kuna ambayo mgeni wa kazi anaimudu ndani ya siku chache. La tatu pesa, na hapa hesabu ambayo wengi kwenye biashara hii wanaanza nayo ni kwamba vyakula vyenyewe vile kama asilimia 30 hivi ya mauzo, na ukijumlisha vyakula na mishahara isizidi asilimia 60 mpaka 65, kinachobaki ndo kilipe pango, umeme, gesi, vyombo vilivyovunjika, kodi na wewe mwenyewe. Kila aina ya huduma inaivuta hesabu hiyo upande wake. La nne mwendo, meza inakaliwa muda gani na mteja anasubiria wapi.

La tano ni kumbukumbu, na hili nitalikalia kidogo. Mwaka 1993 Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyekuja kupata Nobeli ya uchumi 2002, pamoja na Barbara Fredrickson na wenzao walifanya jaribio hili: mtu anatia mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, halafu mara nyingine anatia sekunde 60 zile zile kisha anaongezewa sekunde 30 ambazo maji yanapashwa taratibu mpaka nyuzi 15. Walipoulizwa wangekubali kurudia lipi, wengi wakachagua lile refu, yani lenye maumivu mengi zaidi ukiyajumlisha, sababu lilimalizikia kwenye nafuu. Kichwa cha mtu hakijumlishi dakika zote, kinashika pale palipopanda sana na pale palipoishia. Sasa mteja aliyekaa kwako saa moja na nusu naye ni hivo hivo, ataondoka na jambo moja lililomgusa pamoja na dakika zile za mwisho kabla hajatoka mlangoni. Kwa hiyo kwenye kila aina jiulize, kilele kiko mikononi mwa nani na mwisho uko mikononi mwa nani.

Oda mezani

Hii ndo wengi wakisikia neno mgahawa wanaiona kichwani. Mteja anakaa, anapewa menyu, mhudumu anachukua oda, kinakuja chakula kilichopikwa kwa ajili yake.

*Jikoni.* Ngumu kuliko zote nne, na ugumu wenyewe si kupika, ni kupanga muda. Chukua meza ya watu sita, mmoja kaagiza samaki wa kuchoma wa dakika 20, mwingine saladi ya dakika 3, mwingine nyama ya kukaanga, na wote wanatakiwa wapate sahani kwa pamoja vya moto vikiwa moto, na nyuma yao kuna karatasi nyingine saba za oda zimening'inia. Mpishi awe hodari vipi hawezi kubeba hayo yote kichwani peke yake. Mpishi Mfaransa Auguste Escoffier alipokuwa hoteli ya Savoy, London, miaka ya 1890 aliligawa jiko vituo, huyu michuzi, huyu samaki, huyu vya kuchoma, huyu vitamu, ili oda moja ishikwe na mikono kadhaa kwa wakati mmoja, na mpaka leo jiko la oda linalotembea vizuri limekaa hivo hivo hata kama vituo vyenyewe ni viwili tu. Kama huna watu wa kugawa vituo basi punguza menyu. Menyu ya vyakula 40 kwa wapishi watatu ni kujitafutia balaa, bora 12 ambavyo kila unachonunua kinaingia kwenye vyakula viwili au vitatu.

*Watu.* Hapa ndo mishahara inapanda. Unataka mhudumu anayekijua chakula, anayeweza kubeba, kukumbuka, kusoma uso wa mteja, na kujibu bila kubahatisha mtu akimuuliza kama kwenye mchuzi kuna karanga. Mzio, yani mwili wa mtu kukikataa chakula fulani, si kitu cha kukisia, Umoja wa Ulaya umeorodhesha vyakula 14 ambavyo lazima mteja aambiwe vimo, Marekani ni 9 tangu ufuta ulipoongezwa mwaka 2023, na hata kama sheria ya kwako haijataja, mtu anaweza kufa kwa kijiko kimoja. Funza kwanza, ndo ufungue.

*Pesa.* Upotevu umejificha kwenye friji, vile vyakula vya kwenye menyu ambavyo haviagizwi lakini lazima viwepo endapo mtu ataagiza. Kwa upande mwingine hii aina inakupa nafasi ya kuuza zaidi kwa mteja yule yule, mhudumu anayejua kazi anauza kinywaji cha pili na kitu kitamu bila mteja kuhisi kasukumwa.

*Mwendo.* Meza inaondoka mteja anapotaka, we huna amri kubwa. Unachoweza kukitawala ni namna kusubiri kunavyohisiwa. David Maister, mtaalamu wa mambo ya biashara, aliandika kuhusu foleni mwaka 1985 na mambo yake yanashika mpaka leo: kusubiri bila kitu cha kufanya kunaonekana kurefu kuliko kusubiri ukiwa umeshika kitu, kusubiri kabla hujaanza kuhudumiwa kunauma kuliko kusubiri ukiwa tayari umeanza, na kusubiri bila kuambiwa sababu kunauma zaidi. Kwa hiyo mteja akikaa apate maji na menyu ndani ya dakika mbili, na hata kama mhudumu kazidiwa apite aseme "nimewaona, nakuja," hayo maneno mawili yanakununulia dakika kumi. Na chakula kikichelewa mwambie kimechelewa kwa nini kabla hajauliza yeye.

*Kumbukumbu.* Hapa ndo paa liko juu na shimo liko chini sana. Mhudumu aliyekumbuka kwamba mara ile hukutaka pilipili, akakuletea bila kukumbushwa, hicho ni kilele na hakigharimu chochote. Lakini mwisho wa aina hii ni bili, na bili ndo inayowaua wengi. Wawili wamemaliza kula, sahani bado ziko mezani mchuzi umeshaanza kukauka pembeni, mmoja kainua mkono mara mbili, mhudumu anapita macho chini kama hajaona, mwingine keshavaa koti, sasa wanahesabu dakika. Saa nzima nzuri inafutika hapo. Mimi ningeweka sheria moja tu mahali kama hapo, sahani ya mwisho ikiondolewa mtu aulize kama kuna kingine, na bili ikiombwa iwe mezani kabla mteja hajarudisha mkono chini.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira ya kufunza watu, mwenye wateja wanaokuja kukaa na kuongea, na mwenye mtaji wa kuvumilia miezi ya mwanzo ambayo mishahara inakuwa mikubwa kuliko mauzo.

Menyu moja ya kozi

Mteja hachagui, au anachagua kidogo sana. Jioni ya leo kuna kozi nne au tano, bei moja, wote wanakula hicho.

*Jikoni.* Watu wanaogopa wakidhani ni ya mashefu wakubwa tu, kumbe kwa jiko dogo ndo inayopumua vizuri. Unajua saa mbili kamili wanakuja watu 30, unajua wote wanakula supu ile ile, unapika mara moja kwa utulivu. Mpishi Alice Waters alipofungua mgahawa wa Chez Panisse huko Berkeley, California, mwaka 1971 alianza hivo, menyu moja kila siku kwa bei moja, inabadilika kulingana na kilichopatikana kizuri, na nyumba hiyo ikawa moja ya migahawa iliyobadilisha namna watu wanavyofikiria chakula kwao. Hatari yake ni kwamba ukikosea umekosea kwa wote, hakuna wa kusema mimi nilichukua kile kingine. Chumvi ikizidi kwenye supu imezidi kwenye meza kumi.

*Watu.* Wachache, ila wawe wasimulizi. Mteja ambaye hakuchagua anataka kuambiwa anakula nini na kwa nini kimewekwa hapo, sentensi mbili zinatosha, hotuba hapana.

*Pesa.* Manunuzi yanakuwa ya uhakika na upotevu unashuka mno. Adui mkubwa ni waliobuku wasitokee, sababu chakula chao umeshanunua na kiti hakuna wa kukaa. Mgahawa wa Next wa Chicago ulipofunguliwa 2011 ulianza kuuza viti kama tiketi za ukumbi wa maonesho, unalipa kabla, na baadaye sehemu nyingi zikafuata njia hiyo au ya kuchukua malipo ya awali. Kama wateja wako hawajazoea kulipa kabla basi anza na kuwapigia simu asubuhi ya siku yenyewe, inasaidia kuliko unavyodhani.

*Mwendo.* Uko mikononi mwako kabisa, na hilo ni zuri na baya. Ukichelewesha kozi ya tatu watu wote ukumbini wanakaa wanaangaliana. Ukiwa na awamu mbili kwa usiku mmoja, awamu ya kwanza ikivuta miguu ya pili inasimama mlangoni na njaa.

*Kumbukumbu.* Hii ndo aina pekee ambayo unaweza kukichora kilele mwenyewe na kukiweka unapotaka. Huko Ulaya kabla ya karne ya 19 desturi ya mezani kwa wakubwa ilikuwa kujaza vyakula vyote kwa pamoja, vinapendeza macho ila vinapoa, ndo ikaingia namna ya Kirusi ya kuleta sahani moja moja kwa zamu, na tangu hapo mlo ukawa na mwanzo, kupanda na mwisho. Itumie hiyo nafasi. Usiweke sahani yako bora ya kwanza kisha kila kinachofuata kinashuka, na usimalizie na kitamu dhaifu ulichonunua nje sababu wapishi walichoka, maana hicho ndo cha mwisho kugusa ulimi. Kinachoharibu ni mteja kujiona katekwa, saa tatu kakaa hawezi kuondoka, hajui zimebaki kozi ngapi. Mwandikie kwenye kikaratasi, mpe uhuru wa kuruka kozi, na uliza mizio na wasiokula nyama tangu wakati wa kubuku, wasije kupata sahani ya huruma ya mboga zilizochemshwa.

*Inamfaa nani.* Mpishi mwenye jambo la kusema, chumba kidogo, wateja wanaopanga siku zao kabla. Haimfai mwenye eneo la wapita njia wenye njaa ya haraka, wala familia zenye watoto wadogo.

Bafe

*Jikoni.* Kazi kubwa inaisha kabla mlango haujafunguliwa, na hilo ni raha. Lakini lazima ukubali kwamba si kila chakula kinavumilia kukaa. Vya mchuzi na vya kuokwa taratibu vinastahimili, vingine hata vinakolea, ila vya kukaanga vinalegea ndani ya dakika chache na samaki anakauka. Ukilazimisha utakuwa unawapa watu picha ya chakula.

Na hapa usalama ndo kila kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Nunua kipimajoto, pima katikati ya trei, si pembeni kwenye mvuke, andika. Kosa ambalo nimeliona sehemu nyingi ni kumwagia chakula kipya juu ya kile cha zamani, trei inaonekana imejaa lakini chini kuna kilichokaa tangu mchana. Trei ikiisha itoke nzima iingie nyingine. Weka trei ndogo zinazobadilishwa mara nyingi badala ya kubwa moja inayokaa jioni nzima mpaka mchuzi unajenga ukingo mgumu na kijiko kimezama ndani.

*Watu.* Wahudumu wachache, ila usijidanganye, waondoa vyombo wanakuwa wengi kuliko kawaida sababu mtu mmoja anatumia sahani tatu nne. Na anahitajika mtu mmoja mwenye macho anayezunguka tu, anafuta, anajaza, anarudisha vijiko mahali pake.

*Pesa.* Hujui watakula kiasi gani ndo shida. Sahani ndogo kidogo zinapunguza vinavyobaki mezani kuliko bango la kuonya watu wasibakize, ambalo linaudhi wageni bure. Vya bei ghali weka mtu wa kukata na kupakua, si kwa ubahili, mteja anapokatiwa nyama mbele yake anaona kathaminiwa, na we kipande unakijua. Vya kushibisha viwe mwanzo wa mstari maana wengi wanajaza sahani na wanavyokutana navyo kwanza. Na viporo viwe na mpango kabla ya kupika, usije kuanza kuwaza saa tano usiku.

*Mwendo.* Mtu anakula ndani ya dakika tano baada ya kuingia, hakuna aina nyingine ya kukaa mezani inayoshindana na hiyo. Foleni ndo inaharibu, na dawa yake ni rahisi sana, itoe meza ya chakula ukutani iweke katikati watu wapite pande zote mbili, na vinywaji na vitamu uviweke mbali na mstari mkuu.

*Kumbukumbu.* Udhaifu wake ni huu, mteja anaweza kuingia, kula na kutoka bila kuzungumza na mtu yeyote zaidi ya aliyepokea pesa. Wingi wa vyakula unafurahisha macho dakika za mwanzo halafu unazoeleka. Kwa hiyo kilele lazima ukitengeneze kwa makusudi, na njia inayofanya kazi ni kumtoa mpishi mmoja jikoni apike kitu kimoja hapo hapo mbele ya watu, harufu, moto, maneno mawili matatu na mteja. Watu wanapenda kuona na kuchukua wenyewe. Yoshiaki Shiraishi wa Osaka, Japani, alikuwa na tatizo la kupata wafanyakazi, akaona mikanda inayobeba chupa kwenye kiwanda cha bia, mwaka 1958 akafungua mgahawa ambao sushi zinapita mbele ya mteja kwenye mkanda anachukua anayotaka. Si bafe kamili lakini ni dada yake, na kilichowavuta watu kilikuwa kule kuona chakula kinakuja. Mwisho wa bafe nao umeachwa yatima sehemu nyingi, mtu keshalipa mwanzoni basi anaondoka kimya, wakati ilitosha awepo mtu mlangoni wa kuuliza umekula nini ukakipenda.

*Inamfaa nani.* Makundi, sherehe, vifungua kinywa vya hoteli, mchana wa watu wenye muda mfupi, familia zenye watoto wachaguzi. Na lazima uwe na idadi ya watu inayotabirika, bafe ya watu sita inasikitisha kuitazama na inakula mtaji.

Kaunta

*Jikoni.* Nguvu yake ni kurudia kitu kile kile vizuri. Ndugu wawili wa familia ya McDonald mwaka 1948 kule San Bernardino, California, waliondoa wahudumu waliokuwa wanapeleka chakula kwenye magari, wakakata menyu mpaka vitu 9, wakalipanga jiko upya ili kila mtu awe na hatua yake moja. Huhitaji kuwa mkubwa kama walivyokuja kuwa wao, ila kanuni inabaki, kwenye kaunta kila chakula unachoongeza kwenye ubao kinaipunguzia foleni kasi.

*Watu.* Wachache kuliko zote na wanafunzika haraka. Lakini keshia ndo sura nzima ya biashara yako, na wengi wanamweka pale mtu yeyote aliyebaki. Weka mtu wako bora hapo.

*Pesa.* Faida kwa kila mteja ni ndogo, unaishi kwa wingi wao. Mishahara inashuka, ila vifungashio vinakula kimya kimya, viingize kwenye gharama ya chakula tangu siku ya kwanza.

*Mwendo.* Biashara yako yote iko kwenye saa mbili za mchana. Ubao wa menyu uonekane kabla mtu hajafika mbele, anayelipa na anayesubiri chakula wasisimame mstari mmoja, na hesabu viti kwa ukali, sababu hakuna unyonge kama wa mtu aliyeshika trei yenye supu inayotikisika, begi begani, anazunguka macho hakuna pa kukaa. Hapo chakula kiwe kitamu vipi keshakasirika.

*Kumbukumbu.* Usidharau, sehemu isiyo na mhudumu inaweza kupendwa sana. Horn & Hardart walifungua mgahawa wa mashine Philadelphia mwaka 1902, unatia sarafu, unafungua kidirisha, unachukua chakula chako, na ule wa mwisho New York ulikuja kufungwa 1991, karibu miaka 90. Kinachokumbukwa kwenye kaunta ni uhakika, kwamba leo ni kama jana, meza ni safi, na mtu wa mbele amelijua jina langu au angalau oda yangu. Kilele na mwisho vyote viko kwenye sekunde kumi za kukabidhi chakula. Kuita "namba 47" na kumwangalia mtu usoni ukamwambia hiki hapa, kuwa mwangalifu ni cha moto, ni kazi ile ile kwa muda ule ule.

*Inamfaa nani.* Mtaji mdogo, eneo dogo lenye watu wengi wanaopita, chakula kinachotoka ndani ya dakika tano. Haitamfaa anayetaka watu wakae jioni nzima.

Kitu ambacho hakichagui aina

Kelele. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60, na daktari Mfaransa Étienne Lombard alishaonesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti yake bila kujua. Ukumbi wa sakafu ngumu, ukuta mtupu na muziki juu unafanya kila meza ipandishe kidogo, na ya jirani nayo ipandishe, mpaka mhudumu hasikii oda. Mapazia, vitambaa, dari isiyorudisha sauti, punguza muziki watu wanapoongezeka badala ya kuuongeza. Na choo, jamani, choo kikaguliwe kila nusu saa na mtu mwenye jina lake kwenye karatasi, sababu mteja anaingia pale katikati ya mlo na ndo anapopata picha ya jiko asiloliona.

Kwa hali yako

Kama mpo wawili watatu, mmoja wenu ni mpishi mzuri kweli na chumba kinachukua watu 25, menyu moja ya kozi itawabeba vizuri kuliko oda, hata kama ni siku tatu tu za wiki, ili mradi mna njia ya kuwapata watu wa kubuku.

Kama eneo lako ni la wapita njia na pango ni kubwa, anza na kaunta. Ni rahisi kuongeza huduma ya mezani baadaye jioni kuliko kuanza na mezani halafu uwapunguze watu uliowaajiri.

Kama una ukumbi mkubwa na makundi yanakuja kwa miadi, bafe, lakini usiiendeshe siku za watu wachache. Siku hizo weka menyu fupi ya oda na utumie vile vile ulivyonavyo stoo.

Kama wateja unaowataka ni wale wa kurudi rudi, wanaofanya mikutano au kusherehekea mambo yao, oda mezani ndo inawajenga, ila usifungue mpaka wahudumu wamekula kila kitu kilicho kwenye menyu na wanaweza kukielezea kwa maneno yao.

Kuchanganya inawezekana na wengi wanafanya, kaunta mchana na mezani usiku kwa mfano. Kinacholeta vurugu ni kuchanganya kwa wakati mmoja, jiko linapata oda za trei na za meza pamoja, na watu wa mezani ndo wanaosubirishwa sababu wa kaunta wamesimama wanaonekana.

Na kama bado umegawanyika kati ya mbili, kabla hujanunua vyombo waalike watu unaowaamini jioni mbili, kila jioni aina moja, waombe walipe kitu kidogo ili wawe wateja kweli. We usikae jikoni, kaa mezani kama mteja mpaka bili. Wiki ikipita wapigie uwaulize wanakumbuka nini, na usiwatajie chochote, waache waanze wenyewe.